Kasi ya Kuyeyuka

Majirani wakimuuliza mama mwanawe anasoma nini huko Dar es Salaam, hujibu kwa maneno mawili: "Anachemsha chupa." Wanacheka, naye anacheka, kisha mazungumzo yanarudi kwenye bei ya dagaa. Zamani nilikuwa namsahihisha. Nilikuwa nasema kemia, shahada ya uzamili, uimara wa kioo. Nimeacha. Jibu lake liko karibu na ukweli kuliko kichwa cha tasnifu yangu.

Kazi yangu ni hii. Ninayeyusha kioo kwenye tanuru, nakimimina, nakiacha kipoe, halafu nakivunja na kukisaga. Nachekecha unga wake mpaka nibaki na chembe ndogo kama mchanga laini, naziosha, nazitia kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu pamoja na maji safi, nafunga kifuniko kwa nguvu na kukiacha kwenye oveni yenye joto la nyuzi 90 kwa siku 7. Muda ukiisha nafungua na kupima maji. Watu hudhani napima kioo. Napima maji: nini kimetoka kwenye kioo na kuingia humo, na kwa kiasi gani. Ninachokitafuta zaidi ni boroni, kwa sababu boroni ikishatoka hairudi kujificha kwenye utando unaobaki juu ya kioo. Ni shahidi asiyehongeka.

Kioo chenyewe si cha dirisha wala cha chupa ya soda. Ni cha aina inayotumika kufungia taka kali za mionzi, zile zinazobaki baada ya mafuta ya kinu cha nyuklia kuchakatwa. Wafaransa walianza kazi hiyo kwa kiwango cha kiwanda huko Marcoule mwaka 1978. Waingereza wanaifanya Sellafield. Wamarekani wanaifanya Savannah River tangu 1996. Huko Hanford, mahali palipotengenezwa plutoni ya bomu la Nagasaki, kazi ya kutengeneza plutoni iliacha zaidi ya lita milioni 200 za taka ndani ya matangi 177 yaliyofukiwa ardhini, na baadhi ya matangi hayo yamevuja. Taka huchanganywa na malighafi ya kioo, vyote vikayeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 1,100, kisha vikamiminwa kwenye mtungi wa chuma. Mtungi wa Kifaransa hubeba kama kilo 400 za kioo na kimo chake ni cha mtoto wa darasa la nne.

Taka haziwekwi ndani ya kioo kama maji ndani ya chupa. Zinageuka kuwa kioo. Kila atomu inapata mahali pake katikati ya silika na boroni, na hapo inashikiliwa. Ukikivunja kioo hicho hakimwagi kitu. Unapata tu vipande vingi zaidi vya kioo kilekile. Kitu kinachoweza kuzitoa atomu hizo ni maji, tena polepole. Kwa hiyo swali zima la taaluma yangu linaingia kwenye sentensi moja: polepole kiasi gani?

Mimi sigusi mionzi. Natumia sesiamu ya kawaida, isiyo na mionzi, kwa sababu maji hayajui tofauti. Na nchi yetu haina kinu cha nyuklia. Taka zetu za mionzi ni vyanzo vilivyochoka vya hospitalini na viwandani, na Tume ya Nguvu za Atomiki ina ghala lake Arusha la kuvihifadhi. Ndiyo maana siku ya kutetea pendekezo langu la utafiti niliulizwa: hii ni kwa faida ya nani? Nikajibu kuhusu urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo. Nikasema mchanga unaobaki baada ya kuitoa urani hubaki na takriban asilimia 85 ya mionzi yote ya mwamba wa asili, na mchanga huo hautasafirishwa kwenda popote. Lilikuwa jibu zuri, nikapita. Lakini halikuwa jibu langu. Langu lilikuwa Buhemba, na sikuwa nimelijua bado.

*

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha akawa mchimbaji. Kwa miaka sita hivi alikuwa na karasha na mwalo wa kuchenjulia dhahabu kwenye kiwanja chake karibu na Buhemba, wilayani Butiama. Dhahabu ya Buhemba ni ya zamani kuliko babu yangu. Wameichimba wakoloni, imechimbwa na serikali, zikaja kampuni, na pale kila aliyekuja alipoondoka, wachimbaji wadogo walirudi na sururu zao.

Nilikuwa na miaka tisa nilipomwona akikamua. Mawe yalishasagwa, unga ulishaoshwa juu ya magunia, na kilichobaki kilikuwa tope jeusi kwenye beseni. Akatoa mfukoni chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, akadondosha zebaki, akaanza kukanda kwa mkono mtupu kama mtu anayekanda unga wa chapati. Zebaki hukusanya dhahabu. Akaifunga kwenye kitambaa na kuibinya, matone yanayong'aa yakarudi ndani ya chupa, na kwenye kitambaa kikabaki kidonge cha rangi ya fedha. Kidonge hicho akakiweka kwenye kipande cha bati juu ya moto. Zebaki hupaa ikifika nyuzi 357. Tulisimama upande wa pili ili moshi usituguse, na tulidhani hiyo ndiyo tahadhari.

Maji ya kuoshea yalikuwa yakiishia kwenye shimo katika kona ya kusini ya kiwanja. Marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa, waliyanunua watu wenye mitambo ya sianidi wakayabeba kwa malori, kwa sababu bado yalikuwa na dhahabu kidogo. Shimo likafukiwa. Nyasi zikaota. Baba akajenga nyumba Musoma, akatusomesha, akafa.

Nasema akatusomesha kwa makusudi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kitambaa kile. Sina pa kusimama nikaihukumu zebaki kana kwamba ilikuwa ya watu wengine.

Mwishoni mwa mwaka kaka alinipigia. Kiwanja kimepata mteja. Yeye anaishi Bunda, ana duka la vipuri vya pikipiki, na duka lilikuwa na deni ambalo lilianza kumkosesha usingizi. Mteja ni kijana wa bodaboda anayenunua vipuri kwake, mtu mwaminifu, ana mke, anataka kutoka kwenye chumba cha kupanga. Nilishuka Bunda kabla ya kufika nyumbani. Tulikula sato dukani kwake, vidole vyake vikiwa na grisi, na nikamwambia kwamba likizo iliyopita nilichukua udongo wa kiwanja kile, makopo manane kutoka sehemu nane, na rafiki yangu maabara akanipimia. Makopo saba hayakuwa na la kutisha. La kona ya kusini lilikuwa na zebaki nyingi.

Kaka alinyamaza, akanawa mikono, akarudi.

"Sasa unataka kumwambia nini? Kwamba ardhi ya baba ina sumu?"

"Kona moja."

"Mdogo wangu, Buhemba nzima ina zebaki. Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua, kumwambia hakutaharibu kitu."

Hakucheka. Akasema kitu ambacho nimekifikiria mara nyingi kuliko vitabu vyote nilivyosoma mwaka ule: "Huyo kijana ni mzima, ana macho, atakaa pale na atapona. Unayemwogopea wewe ni mtoto ambaye hata hajazaliwa. Huwezi kumdhulumu mtu ambaye hayupo."

*

Kaka hajamsoma Derek Parfit, lakini alikuwa amelifikia kwa njia yake tatizo lililomsumbua mwanafalsafa huyo katika kitabu chake cha mwaka 1984. Tunawezaje kusema tumewakosea watu ambao bado hawapo? Hawakuahidiwa kitu. Hawakutia saini. Tunasema ahadi ni deni, lakini deni huwa na mdai, na huyu mdai hana jina, hana namba ya simu, hana hata mimba iliyotungwa. Wapo wanaohitimisha kwamba deni hilo basi ni hisia tu.

Mimi nilikwama hapo siku kadhaa, kwa sababu hoja hiyo ikiwa sahihi, kazi yangu haina maana. Kioo cha taka za mionzi kinatengenezwa karibu chote kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Sesiamu na stronti, zinazotoa sehemu kubwa ya mionzi ya mwanzo, hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Wajukuu wetu wataziona zikilegea. Lakini teknesiamu-99 huchukua zaidi ya miaka 200,000 kupungua nusu. Anayechemsha kioo leo hafanyi kazi kwa ajili ya mjukuu wake. Anafanya kazi kwa ajili ya watu ambao lugha yao haijaanza kusemwa.

Kilichonitoa pale kilikuwa Minamata. Ugonjwa wa mji ule wa Japani ulitambuliwa mwaka 1956. Zebaki ya kiwanda iliingia baharini ikiwa tayari ya aina inayoingia mwilini kirahisi, samaki wakaila, watu wakala samaki. Na baadhi ya akina mama ambao wenyewe hawakuonyesha dalili walizaa watoto walioumia vibaya. Mama alikuwa mzima, ana macho, alipona. Aliyeumia ni yule ambaye wakati samaki analiwa hakuwepo mezani.

Sidhani ninahitaji falsafa nzito zaidi ya hiyo. Mtoto yule hakuwa na jina wakati kosa linatendeka, lakini alipokuja, alikuja na kosa limeshamkaa mwilini. Hatumdhulumu mtu asiyekuwepo. Tunamtegea. Mtego hauhitaji kujua jina la atakayepita.

Hilo lilijibu swali la kaka. Halikujibu la kwangu, lililokuwa gumu zaidi: ukishakubali kwamba unadaiwa, unalipa nini?

*

Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni: weka kitu mahali ambapo hakitatoka milele. Miaka miwili ya kuchemsha kioo imenifundisha kwamba hakuna kitu hicho.

Kioo kikikutana na maji, hatua ya kwanza ni ya haraka. Sodiamu na boroni zinatoka, maji yanapenya, viungo vya silika vinaanza kukatika. Ukiishia hapo utasema kioo hakifai. Lakini kadiri silika inavyojaa kwenye maji, juu ya kioo unajengeka utando laini, na kasi inashuka, mwisho ikawa ndogo mara maelfu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Uharibifu wenyewe ndio unaojenga ngao. Jinsi utando huo unavyojengeka wataalamu bado wanabishana, na katika mazingira fulani, hasa maji yakiwa makali kama ya magadi, madini mapya huanza kuota, yanaula utando, na kasi inapanda tena. Kwa hiyo hata ngao ina masharti.

Majaribio marefu kabisa ya maabara yana miongo michache tu. Zaidi ya hapo tunategemea mashahidi wazee. Karibu na kisiwa cha Embiez, kusini mwa Ufaransa, ilizama jahazi ya Kirumi iliyobeba shehena ya kioo, na vipande vyake vimekaa kwenye maji ya bahari kwa kama miaka 1,800. Vimejaa nyufa. Walipovichunguza walikuta nyufa nyingi za ndani zimeliwa kidogo kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu zilijizibia zenyewe kwa mabaki ya uharibifu. Na huku kwetu, kusini mwa Serengeti, katika pango la Mumba karibu na Ziwa Eyasi, watu wa kale waliacha zana za kioo cheusi cha volkano kilichobebwa kutoka upande wa Naivasha, Kenya, mamia ya kilomita, makumi elfu ya miaka iliyopita. Kioo cha namna hiyo nacho hunyonya maji, lakini utando wake hukua taratibu mno hivi kwamba wanaakiolojia huupima kwa hadubini ili kukadiria umri. Kimeshuhudia ziwa likijaa na kukauka, na ukingo wake bado unaweza kukukata kidole.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho hakiyeyuki. Mhandisi mwaminifu wa taka za mionzi haandiki kwenye ripoti yake kwamba kioo ni salama milele. Anaandika kasi: gramu kadhaa kwa mita ya mraba kwa siku, katika maji ya namna hii, joto hili. Kisha anasema mahali pa kukizika pawe wapi ili kasi hiyo, ikijumlishwa kwa miaka yote, isimfikie mtu kama dhara. Ahadi yake ni namba inayoweza kupimwa na kupingwa.

Nilianza kuona kwamba ukweli wa namna hiyo ni nadra sana nje ya maabara. Tunapouza, tunapooa, tunapogombea uongozi, tunaahidi kutoyeyuka. Hakuna anayetaja kasi.

*

Siku ya pili ya mwaka mpya nilikwenda Butiama kumjulia hali babu, mdogo wake bibi mzaa baba. Anakaa mwendo mfupi kutoka Mwitongo, yalipo makazi na kaburi la Mwalimu. Nilimkuta juani, akanipokea shikamoo yangu, akaniuliza habari za Bunda kama mtu anayezijua tayari.

Nilitaka kumuuliza kuhusu ardhi. Mwaka 1958 Mwalimu aliandika makala aliyoiita "Mali ya Taifa", akapinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa kama vitu vingine. Nilidhani mzee aliyeishi jirani naye atanipa kauli ya kumrushia kaka. Babu alisema tu kwamba deni la duka halisubiri makala.

Kwa hiyo nikamuuliza kuhusu Muhunda, msitu wa heshima wa Wazanaki pale Butiama. Nilikua nikijua kwamba hauingiliwi ovyo, kama mtu anavyojua jina lake.

"Babu, mle ndani kuna nini hasa?"

"Hatuingii ovyo."

"Najua. Kwa nini?"

Alinitazama muda mrefu. "Ukishaanza kueleza kwa nini, kila mtu atapima kama sababu inamhusu. Kuna atakayesema haimhusu. Kesho ana shoka."

Nilimsimulia basi jambo lililomfurahisha sana. Nilimwambia Wamarekani walipokuwa wakijiuliza jinsi ya kuwaonya watu wa miaka 10,000 ijayo wasichimbe palipozikwa taka, walimwomba ushauri mtaalamu wa ishara aitwaye Thomas Sebeok. Mwaka 1984 akapendekeza, pamoja na mambo mengine, kuwe na kundi kama la makuhani litakalorithishana hofu ya mahali pale kwa hadithi na desturi, kwa sababu maandishi yatasahaulika lakini mwiko utabaki. Babu akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe walihitaji Mzanaki," akasema.

Nilirudi Musoma jioni nikiwa nimebeba mambo mawili yasiyopatana. Babu ana haki: mwiko usio na sababu umelinda miti ya Muhunda kuliko sheria nyingi zilivyolinda misitu mingine. Lakini mwiko humfanya mjukuu kuwa mtoto daima. Unamzuia bila kumwambia, na siku atakayopata sababu ya kutoamini, hana kitu kingine cha kumshika. Sababu bila mwiko nayo inapimwa, inajadiliwa bei, na mtu anaondoka na shoka. Kioo kimenifundisha kuheshimu kasi iliyotajwa. Babu alinifundisha kwamba kutaja pekee hakushiki.

*

Kijana wa bodaboda alikuja kuona kiwanja Jumamosi, amempakia mkewe ubavu. Alikuwa na mimba ya miezi saba hivi. Kaka alikuwepo, na mwenyekiti wa kitongoji kama shahidi. Kaka alikuwa ameniomba niache maneno mpaka pesa ipokelewe. Sikumjibu ndiyo wala hapana, na najua kwamba kunyamaza kwangu alikuchukua kama ndiyo. Hilo ni kosa langu, na sikuwa na maabara ya kunisaidia.

Tulipofika kona ya kusini kijana alisema hapa patafaa kisima, ardhi imeinama, maji hayako mbali. Nikasema. Nilisema yote: shimo, zebaki, makopo manane, lipi lilikuwa chafu. Niliwaambia kwamba juu kule, karibu na barabara, udongo nilioupima hauna shida. Niliwaambia wasichimbe kisima hapa, wasilime mboga, watoto wasichezee tope la hapa.

Kaka aligeuka akatazama barabara. Kijana alimtazama kaka, si mimi. Mkewe ndiye aliyezungumza, na aliuliza swali moja.

"Mpaka lini?"

Mimi ninayejua nusu ya umri wa teknesiamu, ya plutoni, ya radi, nilikosa namba. Mionzi, pamoja na ubaya wake wote, inazeeka. Kila kitu chenye mionzi kinaelekea siku yake ya kutulia, hata kama siku hiyo iko mbali. Zebaki haizeeki. Ni elementi tulivu. Atomu aliyoidondosha baba kutoka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi itakuwa zebaki jua litakapozimika. Inaweza kuhama, kupaa, kusombwa, kubadili umbo. Haiwezi kuisha. Na huwezi hata kuiyeyusha ndani ya kioo, kwa sababu itapaa muda mrefu kabla kioo hakijayeyuka.

"Haina mwisho," nilisema. "Inaweza kusogea kidogo kidogo na mvua. Kwa hiyo si kukaa mbali tu. Ni kuangalia."

Waliondoka bila kuaga vizuri. Kaka alinirudisha Musoma kwa pikipiki bila kusema neno hadi stendi ya Bweri. Pale akasema, "Umesomeshwa na zebaki ile ile," akageuza.

Alikuwa na haki. Nimejaribu kuipinga sentensi hiyo na sijaweza. Ninachoweza kusema ni kwamba deni la kusomeshwa nayo silipi kwa kuificha.

Wiki mbili baadaye kijana alirudi mwenyewe dukani. Alitaka kiwanja, kwa bei ya chini sana. Kaka alikubali kwa sababu deni halikuwa limepungua. Sehemu iliyobaki ya deni nilichukua mimi, na naendelea kuilipa kutoka kwenye posho yangu, jambo ambalo mama hajui, na akilijua atasema chupa hizo ni ghali. Kwenye karatasi ya mauziano, kwa ombi langu, mwenyekiti aliandika sentensi kuhusu kona ya kusini na sababu yake, akapiga muhuri.

Nilifikiri nitajisikia msafi. Sikujisikia hivyo. Walionunua wanajua, wamekubali kwa hiari, hiari hiyo imebanwa na umaskini wa kodi ya chumba. Na mtoto, ambaye sasa ameshazaliwa, hakuulizwa. Kibali cha wazazi kimenisafisha mimi mbele ya wazazi tu. Kusema ukweli hakukuitoa zebaki ardhini. Kulibadilisha tu mtego ukawa hatari inayojulikana, na kuna watu wataniambia hiyo ni tofauti ndogo. Kwa mtembeaji wa usiku si ndogo.

Karatasi ya mwenyekiti italiwa na mchwa. Kwa hiyo kabla sijarudi chuoni nilikata vijiti vya minyaa kwa jirani nikavipanda kuizunguka ile kona. Kwetu minyaa ni mpaka. Kila mtu anajua haukatwi kwa mchezo na utomvu wake ni hatari kwa macho. Lakini mpaka katikati ya kiwanja cha mtu mmoja ni jambo la ajabu. Nilitaka uwe wa ajabu. Mtoto akifika umri wa kuuliza, atauliza kwa nini pana ua usiozunguka kitu, na wazazi wake wanalo jibu, na muhuri unalo. Akikua akauza, mnunuzi naye atauliza. Hapo ndipo mwiko wa babu na namba ya maabara nilipoweza kuviweka pamoja. Sijui kama ni falsafa. Ni ua.

Kaka sasa hunipigia kuhusu afya ya mama na bei ya nauli. Mengine hatujayafikia. Niliporudi mwezi wa sita nilipitia Buhemba kwanza. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, upande wa barabara. Mama wa mtoto alinikaribisha uji, mtoto akiwa mgongoni, macho yake makubwa yakifuata kila kitu. Minyaa ilikuwa imeshika yote isipokuwa mitatu upande wa chini, kule maji ya mvua yanakopita. Nikaomba panga, nikaenda kwa jirani, nikakata mingine mitatu.